Bembea ya Tajudini Kando ya Mto Kanyosha

Mwaka wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka na petroli ikawa inauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, Tajudini alikosa kazi kwa mara ya kwanza tangu abaleghe. Alikuwa fundi wa magari, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura, na gereji yake ilikuwa huko huko Buyenzi. Lakini nyumba yake ilikuwa huku kwetu Kibenga, mwisho kabisa, pale mto Kanyosha unapokaribia kuingia ziwani. Kiwanja alikipata zamani, wakati hapa palikuwa na matete na viboko tu, na ndugu zake walimcheka kwamba ameacha watu amekwenda kujenga kwa wanyama.

Gari lisilotembea haliharibiki. Tajudini akafunga gereji, akakaa nyumbani, na hapo ndipo mateso ya mkewe yalipoanza.

Mkewe aliitwa Waridi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, na sambusa zake zilijulikana hadi Musaga. Binti yao, Hayat, alikuwa ameolewa Uvira, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu, pamoja na vyombo vya Waridi. Tajudini alianza na saa ya ukutani. Aliifungua aisafishe, na alipoifunga tena ikawa inakwenda kinyumenyume. Akaja kwenye jiko la mkaa, akalitia feni ya gari ili moto uwake haraka. Moto uliwaka haraka kweli, na sambusa za siku hiyo zililiwa pamoja na majivu. Waridi alipomkuta amepiga magoti mbele ya cherehani, alimpokonya bisibisi.

"Baba Hayat," alisema, "mbele ya nyumba kuko mto muzima. Enda ukafungue ule!"

Alisema kwa hasira tu. Lakini Tajudini hakuwa mtu wa kutofautisha hasira na ushauri. Alitoka, akakaa ukingoni, akautazama mto mpaka adhana ya adhuhuri.

Siku zile sote tulikuwa tunautazama mto, maana hapakuwa na kingine. Barabara za kupanda milimani zilikuwa za hatari kwa sababu ya vita. Jioni kulikuwa na amri ya kila mtu kuwa ndani. Fukwe za ziwa zenye viti na muziki zilikuwa za wenye nafasi zao. Watu wa Musaga upande wetu na watu wa Kanyosha ng'ambo ya mto, waliosoma pamoja na kuozeshana, walikuwa hawatembeleani tena. Walitazamana kwa mbali kama paka wawili juu ya ukuta. Kwa hiyo Jumapili tulikaa kwenye majani, kila kundi na upande wake, tukiangalia maji yakipita. Kiboko akipiga chafya, tuliizungumza mpaka Jumatano.

Jirani wa Tajudini, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mzee Muhanna. Yeye alikuwa Mwarabu wa hapa hapa; babu yake alitoka Omani, na yeye mwenyewe alikuwa na depo ya sabuni kwenye mtaa wa viwanda. Alikuwa mnene, mwenye heshima zake, kanzu nyeupe hata siku ya matope. Uani kwake lilikuwa limefia lori la zamani la Kijerumani, na kuku wa mkewe walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Nyuma ya lori alikuwa na bustani ya lengalenga, mchicha wa huku kwetu, aliyoipenda kuliko wajukuu, na mateso yake makubwa yalikuwa kuimwagilia maji kwa ndoo.

Tajudini alikwenda kumpigia hodi.

"Muzee, nipe eksele na giaboksi ya ile lori. Nataka kutengeneza kitu cha kuzungushwa na mto."

Muhanna alifikiria lengalenga yake. "Kitu cha maji?"

"Cha maji, Muzee."

"Na majirani tutafaidika?"

"Majirani wote."

"Chukua," alisema Muhanna. "Chukua na shafti. Allah akubariki."

Wakapeana mikono, kila mmoja ameridhika kabisa, na hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Kazi ilichukua msimu mzima wa kiangazi. Tajudini alisimamisha eksele wima kama mlingoti, ncha moja akaizika ardhini kwa mawe na sementi. Ncha ya juu, pale panapofungwa gurudumu la lori, alifunga mikono minne ya chuma, na kila mkono akauning'inizia kiti cha minibasi cha watu wawili, kikitazama ndani. Shafti aliilaza kuelekea mtoni, akaipitisha kwenye giaboksi, akaiishilizia kwenye gurudumu kubwa la mbao lenye makasia, nusu yake ndani ya maji. Mto ukisukuma mbao, viti vinazunguka. Gia alizibakiza. Namba moja, viti vilikwenda kama mzee anayetoka msikitini. Namba mbili, kama kijana anayeingia sokoni. Gia ikikaa katikati, viti vinasimama.

Jumapili ya kufungua tulikuja wengi, na hakuna aliyetaka kupanda.

"Mama Hayat, anza wewe," Tajudini alimwambia mkewe.

"Mi? Kwa kitu ulichotengeneza wewe? Saa yangu inarudi nyuma mpaka leo!"

Tukacheka, na katikati ya kicheko akatokea Bi Kaltum, mke wa Mzee Muhanna. Huyu mama tulikuwa tunamwona kwenye misiba na harusi tu. Siku hiyo alikuwa amemfuata kuku wake aliyetoroka, naye alikuwa amempata, amemkumbatia ndani ya buibui. Alivitazama vile viti.

"Kiti hiki ni cha nani?"

"Cha mwenye kukikalia, Mama," alisema Tajudini.

Bi Kaltum akakaa, akamweka kuku mapajani, akasema, "Zungusha."

Tajudini akaingiza namba moja. Chuma kikalia, mbao zikapiga maji, na Bi Kaltum akaanza kuondoka taratibu, uso umenyooka, kama anakwenda Uvira kumtembelea Hayat. Alizunguka mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alikuwa anatabasamu. Mara ya tatu akatokea mumewe, na begani amebeba mpira mrefu wa kumwagilia maji, ameuviringisha vizuri, tayari kuufunga kwenye pampu yake mpya.

Alimwona mkewe anapita.

"Kaltum!" alisema. "Shuka..."

Lakini kiti kilikuwa kimeshampita. Ikabidi angoje. Sote tukangoja naye.

"...sasa hivi, watu wanatuangalia!" alimalizia kiti kiliporudi.

"Waache..." alijibu Bi Kaltum, akaenda zake. Tukangoja tena. "...waangalie!"

"Mwanamke wa umri wako, wa miaka..."

Aliporudi safari hii Bi Kaltum alikuwa amewaka. "Umri wangu ulikuwa unaujua wewe peke yako, Muhanna! Usithubutu kumaliza hiyo sentensi!"

Hakuimaliza. Akamgeukia Tajudini.

"Na lengalenga yangu?"

"Lengalenga gani, Muzee?"

"Pampu iko wapi?"

"Pampu gani?"

Muhanna alitazama mto, akatazama viti, akautua mpira chini polepole kama anayeweka maiti. "Mi nilikupa lori sababu ya maji," alisema, "na we umeichukua kuzungushia bibi yangu!"

Alirudi nyumbani bila mpira. Bi Kaltum alibaki mpaka alasiri, na Jumapili iliyofuata alirudi, safari hii bila kuku.

Baada ya hapo hatukuwa na shida ya wapanda bembea. Walishuka kutoka Musaga kwa miguu, walivuka kutoka Kanyosha, maharusi walikuja na magauni yao. Waridi alikaa mlangoni na beseni lake la sambusa, akawa ndiye mkuu wa mpango, maana ilionekana mapema kwamba uzito ukiwa upande mmoja, eksele inainama na gia zinalia. Siku za mwanzo watu wa Musaga walitaka wapande peke yao, na wa Kanyosha peke yao wangoje zamu. Waridi akakataa.

"Mi sijali unatoka wapi," aliwaambia. "Mi najali kilo. Munene mbele ya munene, mwembamba mbele ya mwembamba. Asiyetaka, mto ule pale, aangalie maji."

Basi ndivyo Epiphanie, muuza parachichi wa Musaga, mama mwenye mwili wake, alivyojikuta ametazamana na Venuste, seremala wa Kanyosha, mpana kama makabati yake. Walifahamiana tangu utoto, na tangu vita vianze walikuwa hawajasalimiana. Jumapili ya kwanza Epiphanie alitazama mawingu na Venuste akatazama viatu vyake. Jumapili ya pili wakatazama mto wote wawili. Jumapili ya tatu, katikati ya mzunguko, Epiphanie akauliza kwa sauti kama mama yake Venuste bado anasumbuliwa na mguu. Venuste akajibu kwamba mguu haujambo, ila mama analalamika siku hizi hapati parachichi nzuri. Jumapili ya nne Epiphanie alikuja na kikapu.

Habari hazikukosa kufika kwa askari. Mtu fulani alikwenda kusema kwamba Kibenga kando ya mto kuna mashine ya chuma yenye gia. Akaja Sajini Callixte, mkubwa wa barieri, kizuizi cha barabara pale darajani, na askari wake mmoja. Naye alikuwa mtu wa tumbo, mwenye sauti ya kuamuru hata akiomba chumvi.

"Hii mashini inaenda wapi?"

"Haiendi popote, afande," alisema Tajudini.

"Iko na giaboksi. Kitu chenye giaboksi kinaenda."

"Kinaenda, afande, halafu kinarudi."

"Kinarudi na nani?"

"Na wale wale waliokwenda nacho."

"Itabidi nihakikishe mwenyewe," alisema Sajini, akaelekea kwenye kiti.

Waridi akasimama njiani. "Na bunduki, apana."

"Mi ni askari, mama."

"Na mi ni mzani. Bunduki inaongeza kilo. Mpe mwenzako."

Sajini alimtazama Waridi, akatazama kile kiti cha minibasi kinavyoning'inia, akampa mwenzake bunduki. Aliposhuka alikuwa na uso wa mtoto aliyetoka kuoga. Alitangaza kwamba uchunguzi bado haujakamilika. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi alasiri kuendelea na uchunguzi.

Sasa ikaja Idi kubwa, katikati ya masika. Huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa inanyesha kule juu vilimani tangu asubuhi, na hatukuitilia maanani. Baada ya sala watu walijaa mtoni na nguo mpya. Mzee Muhanna alikuja kwa mara ya kwanza tangu siku ya mpira, kwa sababu mkewe alikuwa amemwambia, "Zawadi ya Idi sitaki kitenge, sitaki dhahabu. Nataka ukae pale karibu yangu." Alikuwa amevaa kanzu inayoumiza macho na kofia ya Kiomani iliyotarizwa.

"Muzunguko moja," alisema. "Namba moja. Na Tajudini ashike gia kwa mikono miwili."

Waridi akaangaza macho kumtafuta mtu wa kulingana kwa uzito na Mzee Muhanna na Bi Kaltum. Hakumwona mwingine ila Sajini Callixte, na hata yeye ilibidi aongezewe Epiphanie. Wakakaa wakitazamana, wawili huku na wawili kule, na Tajudini akaingiza gia.

Mzee Muhanna alianza safari amefumba macho. Mzunguko wa kwanza akafumbua jicho moja. Wa pili akafumbua la pili. Wa tatu akajikohoza.

"Tajudini," alisema alipokuwa anapita, "namba mbili..."

Tukangoja.

"...ikoje?"

Watu wakapiga vigelegele, na Tajudini kwa furaha akasukuma namba mbili. Hapo hapo milio ya bunduki ikasikika kutoka juu, upande wa vilima.

Miaka ile mwili ulikuwa unalala chini kabla akili haijauliza. Sote tukalala: nguo mpya kwenye matope, wazee, maharusi, askari mwenye bunduki mbili. Waridi alilala juu ya beseni la sambusa. Tajudini naye alilala, na gia akaiacha. Wale wanne kwenye bembea hawakuwa na pa kulalia. Wakaendelea kuzunguka, wameketi wima hewani.

Na ile mvua ya vilimani ikatufikia. Mto ulikuja na ngurumo, rangi ya chai ya maziwa, umebeba migomba na matete, ukalishika lile gurudumu la mbao kama mama anayemshika sikio mtoto. Bembea ikaruka. Viti vikainuka pembeni.

"Tajudini!"

"Nakuja, Muzee!" Tajudini alikuwa anatambaa kwa tumbo.

"Simama!" Sajini Callixte alikuwa anaiamrisha bembea. "Nasema simama! Ni amri!" Nadhani hakuna kitu kilichowahi kumkaidi hivyo tangu apewe ile barieri. Epiphanie alikuwa anawaita watakatifu wote kwa majina. Kofia ya Kiomani ikaruka, kiatu kimoja kikafuata, na Mzee Muhanna alikuwa anatoa shahada. Lakini kila alipofika katikati kizunguzungu kilimpokonya maneno, akaanza upya. Bi Kaltum alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alieleza baadaye kwamba tangu harusi yao mumewe hakuwahi kumshika mkono mbele ya watu, na siku ile alimshika kwa mikono yote miwili.

Tajudini akafika kwenye gia. Akaivuta. Gia ikang'oka, ikabaki mkononi mwake, naye akawa ameishika juu anaitazama kama mtu aliyeokota mfupa.

"Nilijua!" Waridi alipiga kelele kutoka juu ya beseni. "Baba Hayat, mi nilijua!"

Kilichotuokoa ni mgomba. Ulishuka na maji, mkubwa, pamoja na mkungu wake, ukalipiga lile gurudumu la mbao likapasuka, likachomoka, likaondoka na mto kuelekea ziwani. Viti vikapunguza mwendo, vikashuka, vikasimama.

Milio ya juu nayo ilikuwa imekoma, hatujui saa ngapi. Kesho yake tulisikia kwamba kule vilimani wako waliolala chini wasiinuke tena, na hakuna aliyecheka siku hiyo. Lakini wakati ule hatukujua. Tuliinuka mmoja mmoja, tukijipangusa matope.

Sajini Callixte alishuka. Alitaka kwenda kulia, miguu ikampeleka kushoto. Akajikaza, akasimama wima, akapiga saluti mbele ya mbuzi wa Idi aliyefungwa kwenye mti. Kisha akatugeukia, amekasirika, na sote tulijua anachotaka kusema.

"Hii mashini ni hatari," alisema. "Kuanzia leo..."

"Kuanzia leo nini?"

Aliyeuliza ni Mzee Muhanna. Alikuwa bado kwenye kiti, bila kofia, upara umepauka, kiatu kimoja, na mkono wa mkewe hajauachia.

"Muzee, umeona mwenyewe."

"Nimeona. Mi niliomba muzunguko moja wa namba moja, nikaomba namba mbili nionje kidogo. Huyu amenipa namba ambayo hata Wajerumani hawakuitia kwenye lori yangu. Namba mbili yangu sijaipata bado. Ukifunga leo, sajini, utanilipa wewe?"

Sajini akajaribu kukunja uso, uso ukakataa. Akakaa kwenye majani akacheka, tumbo linapanda na kushuka, mpaka askari wake naye akathubutu kucheka.

"Kuanzia leo," alimalizia alipopata pumzi, "iwekwe breki."

Watu wote tukamgeukia Tajudini. Alikuwa ametengeneza breki za nusu ya magari ya Bujumbura, na kwenye bembea yake mwenyewe hakuwahi kuikumbuka hata mara moja. Waridi hakusema neno. Alimtazama tu, na kwa mtazamo ule tulijua atalisema kwa maisha yao yote yaliyobaki. Na alilisema.

Mbao za gurudumu jipya zilitoka kwenye makasha ya sabuni ya depo ya Mzee Muhanna, na kazi aliisimamia mwenyewe, akiuliza breki ziko wapi kila baada ya msumari. Bembea ilifanya kazi misimu mingi. Ambargo ilipoondolewa na petroli ikarudi, Muhanna alipata wazo la kulifufua lori lake, akamwambia mkewe kwamba atachukua eksele. Bi Kaltum alimjibu neno moja ambalo Muhanna hakulirudia kwa mtu, na kuku wakaendelea kutaga kwenye kiti cha dereva. Venuste na Epiphanie hawakuoana, ingawa watu walitabiri. Kila mmoja alikuwa na wake. Lakini mama yake Venuste alipofariki, Epiphanie alivuka mto na wanawake wa Musaga, wamebeba kuni na maharage, wakakaa matanga.

Vita vikiwa vinakaribia kwisha, masika moja mto ulikula ukingo. Eksele ikainama, na Tajudini akaifungua kwa mikono yake kabla haijaangukia mtu. Tulidhani atahuzunika. Kesho yake alikwenda gereji yake Buyenzi, kama kila siku tangu petroli irudi, akakuta wateja wanamngoja, akafanya kazi mpaka mgongo ukamshinda.

Siku hizi pale mtoni Waridi ameweka meza na vivuli vya matete, watu wanakuja Jumapili na familia kunywa chai na kula sambusa, magari yamepangwa mpaka barabarani. Tajudini ndiye mpeleka chai, na anaipeleka vibaya. Anapita na sinia, anasikia mteja anasema gari lake linakohoa asubuhi, analiweka sinia kwenye meza ya watu wengine, na ukimtafuta utaona miguu yake tu inatoka chini ya gari. Waridi anaita, "Baba Hayat, chai ya watu!" Sauti inajibu kutoka chini kwamba inakuja. Wenyeji wanainuka kujichukulia wenyewe. Wageni wanangoja.